Kosa la Bahari

Nchi hii haipo. Tunalisema hilo mapema ili asije mtu akaitafuta kwenye ramani, akaipata, kisha lawama zikatuangukia sisi tunaosimulia. Haina jina. Iko kando ya bahari isiyo na mlango wa kutokea, ina mafuta chini ya ardhi na upepo juu yake, na watu wake ni wakarimu kupita kiasi. Hunywa chai katika bilauri ndogo zenye kiuno, na kabla ya kusema kwamba chai ni ya moto, hugeuka kwanza kutazama nani yuko nyuma yao.

Nchi nyingine zina wafalme, ambao hurithi, au marais, ambao huchaguliwa. Nchi hii ilikuwa na Mlezi. Yeye alirithi kwanza, kisha akachaguliwa, ili pande zote mbili zisipate la kulalamikia.

Basi katika mji mdogo wa Narlik, unaosifika kwa makomamanga, aliishi mwalimu wa jiografia aitwaye Telmani Aghazade. Alikuwa mrefu, lakini alitembea ameinama kidogo, kama mtu anayepita mlango mfupi. Na alikuwa mwoga. Usidhani ni ule woga wa kawaida wa mtu kuogopa mbwa au giza. Telmani aliogopa bahasha, aliogopa kugongewa mlango, aliogopa watu wanaotabasamu bila sababu. Akisikia gari linapunguza mwendo nje ya nyumba, jasho jembamba lilimtoka. Mkewe Solmazi, aliyekuwa na duka la dawa pale mjini, alikuwa akimwambia, "Mwalimu, hilo ni gari la maziwa." Naye hujibu, "Najua, najua," huku ameshika kiti.

Siku moja Mlezi alizuru shule ya Narlik. Akaingia darasani na msafara wake, akamwona mwalimu ameganda ubaoni kama chaki, akamuuliza kwa upole, "Haya, mwalimu, mto mrefu kuliko yote nchini ni upi?"

Telmani alijua jibu. Alikuwa akilifundisha kila mwaka. Lakini ulimi ulikuwa mzito kama jiwe, na kilichotoka ni hiki: "Ni huo utakaoupenda, Mtukufu."

Mlezi akacheka. Msafara wote ukacheka. Na kabla makomamanga hayajaiva mwaka ule, Telmani alikuwa mgombea ubunge. Uchaguzi ulifanyika, naam, utakosaje kufanyika? Yeye mwenyewe alijua kwamba ameshinda kabla vituo havijafunguliwa, maana gazeti la serikali lilikuwa na haraka.

*

Bunge la nchi ile lilikuwa jengo zuri lenye nguzo nyeupe na mazulia mekundu, na ndani yake wabunge wote walikuwa wa chama cha Mlezi isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alitunzwa kama mnyama adimu katika hifadhi. Wageni kutoka nje walipokuja kuuliza habari za demokrasia, walipelekwa kumwona, wakapiga naye picha, wakaondoka wameridhika.

Jina lake Jabrail, na kazi yake ya awali ilikuwa udaktari wa meno. Alizoea kugusa panapouma. Na kwa bahati mbaya ya Telmani, Jabrail alikuwa kaka yake Solmazi, tumbo moja.

"Shemeji," Jabrail alimwambia siku ya kwanza bungeni, akimkumbatia mbele za watu, "sasa tupo wawili wa nyumba moja!"

Telmani alijichomoa kwenye kumbatio lile haraka, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Alichukua kiti cha nyuma, karibu na nguzo, na kazi yake akaifahamu upesi. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga makofi. Wengine walipiga kwa kujipendekeza, wengine kwa mazoea. Telmani alipiga kwa hofu, na makofi ya hofu yana mlio wake. Ni makavu, ya haraka, na hayachelewi. Spika aliyasikia akapenda. Waliomzidi vyeo wakaanza kumtazama yeye, ili wajue saa ya kupiga.

*

Sasa bahari.

Miaka hiyo bahari ilianza kuondoka. Hakuna aliyejua kwa nini. Kila majira ilirudi nyuma kidogo, ikiacha tope na chumvi na mabehewa ya kutu yaliyotupwa enzi za zamani. Magati yalisimama nchi kavu kama ngamia waliosahauliwa. Watu wote waliona, na kwa kuwa waliona, hawakusema.

Jabrail akasimama bungeni. "Mheshimiwa Spika, bahari inaondoka. Naiomba serikali ituambie inakwenda wapi, na kama kuna mpango wowote."

Katika nchi ile ilikuwa imeshatangazwa kwamba tangu Mlezi ashike hatamu hakuna kilichopungua. Kama hakuna kilichopungua, bahari ingepunguaje? Spika alipepesa macho huku na huku akitafuta wa kumtupia mzigo. Macho yake yakatua kwenye nguzo.

"Mheshimiwa Aghazade. Wewe ulikuwa mwalimu wa jiografia. Mjibu."

Telmani alisimama, ama tuseme miguu ilimsimamisha. Aliona kamera ya televisheni ikigeuka polepole kumtazama kwa jicho lake moja jeusi. Akifungua kinywa aseme bahari imepungua, amekwisha. Akisema haijapungua, na tope liko pale dirishani, atachekwa, na katika nchi ile aliyechekwa naye amekwisha.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "bahari... haijarudi nyuma. Ni nchi... ni nchi ndiyo imeendelea mbele."

Hakutaka kusema lolote la busara. Aliyatapatapia maneno kama mtu anayezama anavyotapatapia unyasi. Lakini ukumbi mzima ulisimama. Makofi yakatikisa vioo. Spika alifuta machozi. Na Jabrail, kwenye kiti chake cha peke yake, alimtazama shemeji yake kwa mshangao, kisha akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Umeweza, shemeji," alisema. "Hii hata mimi nisingeifikiria."

*

Kuanzia hapo Telmani alipanda kama unga wenye hamira. Maneno yake yaliandikwa kwenye kuta, kwenye mabasi, kwenye vikombe vya chai. Watoto waliyaimba shuleni kabla ya hesabu. Ikaundwa Wizara ya Ardhi Mpya, na Telmani akawa waziri wake, na juu ya tope lililokauka yakajengwa majumba ya wakubwa, moja baada ya jingine, yenye madirisha mapana yanayotazama mahali bahari ilipokuwa. Wavuvi walipewa majembe, na katika taarifa za serikali wakaitwa wakulima waliochelewa.

Ilipitishwa pia sheria mpya, Sheria ya Kutoipunguza Nchi. Mtu akisema bahari imepungua, ameipunguza nchi. Akisema bahari itarudi, huyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa anataka sehemu ya taifa ichukuliwe na maji.

Telmani alikuwa na gari jeusi, mlinzi, na picha yake kubwa ukumbini mwa wizara. Je, woga ulimtoka? Thubutu! Zamani aliogopa bahasha moja moja, sasa zilimjia kwa magunia. Alikuwa juu, na aliye juu huona vizuri zaidi mahali pa kuangukia. Chakula hakikumshuka. Solmazi alimchanganyia dawa ya tumbo, kisha dawa ya usingizi, kisha dawa ya kupunguza ile ya usingizi.

"Mwalimu, acha kazi hii," alimwambia. "Turudi Narlik. Duka langu lipo."

"Hakuna anayeacha, Solmazi," alisema Telmani kwa kunong'ona, akiwa jikoni kwake mwenyewe. "Kazi hii ndiyo humwacha mtu."

*

Jabrail hakunyamaza. Siku moja, kwenye mazishi ya daktari mwenzake, waombolezaji wakiwa wameketi na bilauri zao za chai, mtu mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama kweli bahari imekwenda moja kwa moja. Jabrail akajibu kwa sauti ya kawaida, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake kubwa, sauti ya kawaida.

"Bahari ni kama jino bovu. Likinyamaza usidhani limepona. Itarudi, na wale waliojenga kinywani mwake watajua."

Kabla chai haijapoa habari ilikuwa imefika ilikokuwa ikienda.

Ili kumkamata mbunge ilikuwa lazima Bunge limwondolee kinga, na kwa kuwa nchi ile ilipenda taratibu, hoja ilihitaji mtu wa kuiunga mkono. Asubuhi ile Spika alimwita Telmani pembeni, akamshika bega kwa upole.

"Watu wanasema ni shemeji yako," Spika alisema.

"Kwa ndoa tu, Mheshimiwa," akajibu Telmani. "Kwa ndoa tu."

"Vizuri. Basi ukiunga mkono wewe, itapendeza zaidi."

Hoja ikasomwa. Telmani alikaa kwenye kiti cha mbele sasa, cha ngozi. Alijiambia hatanyanyua mkono. Alijiambia atashikwa na kikohozi, atazirai, atakufa. Kisha akaona mkono ukipanda kando ya uso wake, mweupe, unatetemeka, kama mkono wa mtu mwingine aliyekaa nyuma yake. Ukabaki juu. Wote wakanyanyua yao wakashusha, na wake ukabaki juu, maana alisahau namna ya kuushusha.

Jabrail, askari wawili wakiwa wamemshika, alipita mbele yake. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Shusha mkono, shemeji," alisema taratibu. "Umeshahesabiwa."

Nyumbani Solmazi alikuwa amekwisha kuitazama televisheni. Telmani alijiandaa kwa kilio, kwa vyombo kuvunjwa, kwa talaka. Hapakuwa na lolote. Solmazi aliandaa chakula akakiweka mezani.

"Karibu chakula, Mheshimiwa," alisema.

Tangu siku ile hakumwita Mwalimu tena.

*

Bahari ilirudi mchana kweupe, katika sherehe.

Binamu yake Mlezi alikuwa amekamilisha kasri kubwa kuliko makasri yote ya Ardhi Mpya. Ukumbi wake wa mapokezi ulikuwa na sakafu ya marumaru iliyoshuka ngazi kwa ngazi kuelekea bahari ilipokuwa zamani. Wakubwa wote walialikwa. Upepo ulikuwa umevuma tangu alfajiri, upepo mzito wa kaskazini, na wahudumu walikuwa wakishikilia vitambaa vya meza kwa viwiko. Hakuna aliyetaja upepo.

Hotuba zilianza. Telmani alikuwa akitoa ya kwake, amefika pale pa "nchi inasonga mbele bila kizuizi," alipoona ulimi mwembamba wa maji ukipanda ngazi ya chini ya marumaru, ukasita, ukarudi. Ukaja mwingine, ukapanda ngazi mbili. Kisha milango mikubwa ya vioo ikafunguka yenyewe, na bahari ikaingia ukumbini, ya kahawia, yenye povu, imebeba viti vya bustanini.

Mshereheshaji alikuwa mtu aliyezoea kumtangaza kila anayeingia. Alishtuka, akashika kipaza sauti, na mazoea yakamshinda. "Na sasa," akatangaza, "tunamkaribisha kwa heshima... bahari!"

Wanamuziki, nao wakiwa na hofu ya kukosea, wakadhani amekuja mgeni wa taifa, wakaanza kupiga wimbo wa taifa.

Hapo ndipo balaa lilipotimia. Katika nchi ile, wimbo wa taifa ukipigwa hakuna ruhusa ya kutikisika. Na beti zake ni nyingi, kwa kuwa kila ushindi wa Mlezi uliongezewa ubeti. Wakubwa wakasimama wima, mikono kifuani, maji yakiwapanda vifundoni, magotini, viunoni. Keki ilipita ikielea. Mawaziri wawili walianza kulia bila kusogeza uso. Na Telmani, aliyesimama kwenye jukwaa juu kidogo ya wengine, akamwona binamu wa Mlezi, maji yamemfika tumboni, akimtazama. Hakuwa akitazama maji wala kasri lake. Alimtazama Telmani peke yake, ubeti baada ya ubeti, hadi wimbo ulipokwisha.

*

Baada ya hapo pakawa kimya.

Simu ya Telmani, ambayo haikuwahi kupumzika, ilinyamaza. Gari jeusi halikuja. Mlinzi aliomba ruhusa kwenda kumwona mama yake mgonjwa, hakurudi. Telmani alitembea kwa miguu hadi wizarani, na watu aliokutana nao waliona jambo la maana sana upande wa pili wa barabara. Ukumbini mwa wizara, pale picha yake ilipokuwa, palibaki mraba msafi ukutani. Mfagizi alikuwa akiupangusa ufanane na ukuta uliobaki.

Akarudi nyumbani akafungasha mkoba. Soksi za sufu, mswaki, sukari, kitana. Kila mtu katika nchi ile alijua kufungasha mkoba huo bila kufundishwa. Solmazi alisimama mlangoni akimtazama, kisha akaenda, akarudi na vidonge vya tumbo, akavisukuma kati ya soksi.

Walipomwita, hawakuja na mbwa wala silaha. Ilipigwa simu ya adabu. Mheshimiwa Kamran Daghli, Mkuu wa Ofisi ya Mlezi, angefurahi kunywa naye chai.

Daghli alikuwa mtu mdogo, mwenye nywele nyeupe na sauti ya hospitali. Alimimina chai mwenyewe. Alimsogezea bakuli la jamu ya matunda. Kisha akatamka maneno ambayo nchi nzima iliyaogopa kuliko yote.

"Usiogope, Mheshimiwa."

Bilauri ilianza kugongana na kisahani mkononi mwa Telmani, ti-ti-ti-ti, hata akaiweka chini.

"Mlezi amesikitika," Daghli aliendelea. "Majumba mengi. Binamu yake amepata mafua. Jambo kubwa kama hili haliwezi kukosa mwenyewe. Tumelipima pande zote, tumeona linaweza kuwa na wenyewe wawili. Yupo yule aliyesema bahari itarudi. Alijuaje? Asiyepanga hajui. Na yupo yule aliyetuambia tuna ardhi pale pasipo na ardhi."

"Mheshimiwa, mimi nilisema tu..."

"Ulisema vizuri sana. Tulipenda." Daghli akatabasamu. "Kesho asubuhi Bunge linakaa. Utasimama, utamtaja mwenye kosa. Yeyote utakayemtaja. Hatumlazimishi mtu hapa, sisi ni nchi ya hiari. Kunywa chai, itapoa."

"Na huyo... huyo mwenye kosa, atafanywa nini?"

Daghli akamtazama kwa huruma ya kweli, kama daktari aliyeulizwa swali la kitoto. Akamwongezea jamu.

*

"Wanataka nimtaje Jabrail," Telmani alimwambia mkewe.

Solmazi alikuwa akikunja nguo. Hakuacha kukunja. "Na usipomtaja?"

"Ni mimi."

Akakunja shati, akalilainisha kwa kiganja, akachukua jingine. Telmani alikaa kitandani, kichwa mikononi.

"Yeye yuko ndani tayari, Solmazi. Mtu aliyelowa haogopi mvua. Mimi je? Wazee walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilitaka tu hapa nyumbani pawe na kicheko."

Ndipo Solmazi akaacha nguo.

"Tangu wamchukue kaka yangu tumeishi humu wawili," alisema. "Hebu niambie. Umesikia nani akicheka?"

Telmani aliinua kichwa.

"Sikuambii umtaje nani," Solmazi alisema. Sauti yake ilitetemeka, na Telmani aligundua kwa mshtuko kwamba hata yeye anaogopa, kwamba amekuwa akiogopa siku zote, akipika, akiuza dawa, akikunja nguo. "Sitaki kubaki bila mume. Sitaki kubaki bila kaka. Wamekupa kisu wakakuambia ukate mkono wangu, uchague wa kulia au wa kushoto. Mimi nitachagua nini?"

Wakakaa pamoja kitandani.

*

Bunge lilifurika. Kiti cha upinzani hakikuwa kitupu. Alikuwa ameshawekwa mpinzani mpya, kijana mnene, mpwa wa Spika, aliyekuwa akipiga makofi hata kabla kikao hakijaanza.

"Mheshimiwa Aghazade ana taarifa kwa taifa," alitangaza Spika.

Telmani alipanda jukwaani. Kamera ikageuka. Jina alikuwa nalo tayari ulimini, na lilikuwa jepesi. Angelitamka, makofi yangelia, na kesho gari jeusi lingekuja mlangoni, na yeye angekaa ndani yake akitetemeka. Hilo ndilo aliloliona pale jukwaani, waziwazi kama anavyoona ukuta. Angetetemeka kesho, na keshokutwa, na siku zote zilizobaki, na siku moja angeitwa tena kunywa chai. Maisha yake yote aliulipa woga kila ulichodai ili umwachilie. Haukuwahi kumwachilia hata siku moja.

"Ndugu zangu," alisema, na meno yake yaligongana kiasi cha kusikika kwenye kipaza sauti. "Mwenye kosa... Bahari ilikuwa imekwenda, nami nilijua imekwenda. Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nilisema uongo kwa kuwa niliogopa. Shemeji yangu alisema kweli. Mwenye kosa ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mpinzani mpya alipiga moja, akatazama huku na huku, akaficha mikono. Waheshimiwa walimtazama Telmani kama watu wanaotazama mtu aliyevua nguo sokoni.

Daghli alikuwa ameketi pembeni. Akasimama, akamwendea, akamnong'oneza kwa sauti yake ya hospitali, na safari hii alikuwa ameudhika kweli.

"Mheshimiwa, umefanya nini? Gazeti la kesho limeshachapwa. Mwenye kosa ni Jabrail."

"Lakini ulisema hiari..."

"Hiari ndiyo, lakini ni nani aliyedhani ungeitumia?"

Likawa tatizo la kisheria. Kosa la bahari lilikuwa limeshapewa mwenyewe, na nchi isingeweza kuwa na wakosaji wawili wa kosa moja bila kuonekana haina utaratibu. Waliolijadili walilijadili sana. Mwishowe Telmani alishtakiwa kwa wizi, yaani kujitwalia kosa ambalo ni mali ya mtu mwingine.

*

Walimweka chumba kimoja na Jabrail. Labda ilikuwa ni adhabu, labda vyumba vingine vilijaa.

Jabrail alikuwa amekonda, ndevu zimeota, meno mawili ya mbele hayapo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha chuma akimtazama shemeji yake aliyesimama mlangoni na mkoba wake.

"Umeleta sukari?" aliuliza.

Telmani akatikisa kichwa kukubali, akashindwa kujizuia, akalia. Alilia amesimama, mkoba kifuani, kama mtoto aliyepelekwa shule ya bweni. Jabrail alimwacha alie. Kisha akasogea kumpa nafasi.

"Kaa, shemeji. Sakafu baridi."

Telmani akakaa. Akaufungua mkoba, akasema, "Mimi si kama wewe. Bado naogopa. Nilidhani nikishasema hofu itaniondoka, lakini ipo palepale. Angalia mikono."

"Nani alikuambia mimi siogopi?" Jabrail akanyoosha mikono yake kando ya ile. Ilikuwa ikitetemeka vilevile. "Naogopa tangu siku ya kwanza bungeni. Unadhani kwa nini nilikukumbatia? Nilitaka kushika mtu. Tofauti yetu ni moja tu. Wewe ukiogopa unapiga makofi, mimi nikiogopa naropoka."

Wakala sukari kidogo kidogo. Telmani akamweleza habari za keki iliyoelea na wimbo wa taifa, na Jabrail akacheka, kiganja mdomoni kuziba pengo, hadi machozi yakamtoka.

Kicheko kikakatika. Kwenye ujia kulikuwa na nyayo, na mlio wa funguo. Wote wawili walinyamaza, kama gereza zima lilivyonyamaza, kila mtu nyuma ya mlango wake akihesabu milango. Nyayo zikapita mlango wa kwanza. Zikapita wa pili. Zikasimama hapo walipo.

Mlango ukafunguka. Askari alikuwa mtu wa makamo, macho yamevimba kwa mafua, na alionekana kuwa na haraka ya kumaliza.

"Nani kati yenu aliyeileta bahari?" aliuliza.

Jabrail akaanza kuinuka. Aliinuka polepole, akijishika ukutani. Na kabla hajasimama sawasawa, Telmani naye aliinuka. Alilazimika kumshika shemeji yake mkono ili asianguke. Lakini alisimama.

Askari akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Nimeambiwa mmoja," alisema.

Hakuna aliyeketi.

Askari akakuna kisogo. Katika nchi ile mtu akikosea idadi huwajibika yeye, na kwenye uso wake, kwa mara ya kwanza, Telmani akaona kitu anachokifahamu vizuri kuliko kitu chochote duniani. Yule mtu alikuwa anaogopa.

"Ngojeni hapo," alisema askari. "Nikaulize."

Akafunga mlango, akageuza ufunguo. Walimsikia akienda zake ujiani, taratibu mwanzoni, kisha haraka. Wakabaki wamesimama, bega kwa bega, mkono ndani ya mkono, wakisikiliza nyayo zikififia, na baadaye, mbali, zikianza kurudi, na safari hii hazikuwa za mtu mmoja.